Je, kila kinachoonekana ni halali ya kamera?

Katika hekalu la Ryoanji, mjini Kyoto, Japani, ipo bustani isiyopandwa miti wala maua. Ni uwanja wa changarawe nyeupe wenye mawe 15. Yamepangwa kwa namna ambayo popote mtu atakapokaa barazani, jiwe moja au zaidi humfichika. Akisogea ili alione hilo, jingine hupotea.

Ndugu msomaji, wafikirie wageni wawili. Wa kwanza anataka kuumaliza mji mzima kwa siku moja. Anaingia, anapiga picha, anaondoka. Wa pili anakaa nusu saa kabla ya kuitoa kamera yake. Anahesabu, anasogea, anahesabu tena. Wote watarudi kwao na picha isiyotimiza mawe 15, lakini ni mmoja tu anayejua kuwa picha yake ina upungufu.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Kamera ya mwenye haraka humdanganya kwamba amekwisha kuona, na kwamba alichokiona ni chake. Mwenye dhana hiyo haoni haja ya kuomba ruhusa.

Mtaa wa Gion, mjini humo humo, umeyaonja matokeo yake. Wageni waliwafuata njiani wanawake wa fani ya ngoma na muziki wa jadi, wakiwapiga picha bila ridhaa. Mwaka 2019 wakazi walipiga marufuku picha katika vichochoro vyao binafsi, faini ikiwa yen 10,000. Mwaka 2024 wakawazuia watalii hata kupita humo.

Atatokea wa kusema: nimelipa nauli na kiingilio, iweje nizuiwe? Hoja hiyo haina mashiko. Kiingilio hakinunui uso wa mtu. Sisi wenyewe tungeridhia mgeni atuelekezee kamera tukiwa katika swala kwa sababu tu amesafiri kutoka mbali?

Tena kuna hekalu la Saihoji, ambalo tangu mwaka 1977 haliingiwi bila kuomba nafasi mapema, na kwa kawaida mgeni hutakiwa kwanza kunakili maandiko ya dini yao. Muislamu ambaye dhamiri yake haimruhusu kufanya hivyo, basi abaki nje bila kinyongo. Bustani ile haikuwa haki yake.

Msafiri muungwana hujulikana kwa picha alizoziacha. Jiwe la 15 halimdhuru mtu kwa kutoonekana.