Nafasi Kati ya Reli

Mtu akiniuliza nilisomaje shahada ya uhandisi huku nimeajiriwa, husubiri nimpe ratiba. Ninayo bado: kazini saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, daladala, darasani saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, daladala tena. Miaka sita. Lakini ratiba hiyo ina upungufu mmoja mkubwa: inaonyesha saa zilivyogawanywa, haionyeshi zilikotoka.

Nilipoanza, wazee walinionya kwamba mshika mawili, moja humponyoka. Wenye huruma zaidi waliniambia niweke mizani. Wote waliiona picha ileile: kazi sahani hii, masomo sahani ile, na mimi katikati nimeshika mpini, mkono usitetemeke. Niliiamini picha hiyo mpaka tulipofika kwenye somo la mekanika. Huko, kitu kilicho kwenye msawazo ni kile ambacho kani zote zinazokivuta zikijumlishwa hutoa sifuri. Kama kimesimama, kitazidi kusimama. Nikacheka peke yangu kwenye dawati la nyuma. Ikiwa hiyo ndiyo mizani niliyotumwa kuitafuta, siku nitakayoipata sitasogea tena.

Neno linalofaa zaidi tunalo midomoni kila siku: nafasi. Mtu akisema hana nafasi, huenda anazungumzia muda, kiti ndani ya basi, ajira, au upenyo wa kupita. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi uliotuletea pia nafsi, na huko nafas ni pumzi. Basi anayelia kwamba hana nafasi hasemi tu kwamba saa zimemwishia. Anasema hana pa kuvutia pumzi. Ndiyo maana niliweza kukaa saa nne za Jumapili mbele ya mlinganyo nisione kitu, kwa kuwa akili ilikuwa kwenye ripoti ya Jumatatu. Na siku nyingine, ndani ya foleni ya Ubungo, nimebanwa dirishani, dakika ishirini zikanifungulia somo zima. Saa hupimwa kwa mshale. Nafasi hupimwa kwa namna nafsi ilivyokaa ndani ya saa hizo.

Wajenzi wa reli wanalijua jambo hili kwa hesabu. Aliyewahi kusafiri kwa treni za zamani za Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, anaukumbuka mdundo wa magurudumu uliokuwa ukiwabembeleza abiria usiku kucha. Mdundo huo ni sauti ya mianya. Chuma kikipata joto hutanuka. Kipande cha reli cha mita 12, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka kwa zaidi ya milimita 4. Kwa hiyo kati ya kipande na kipande palikuwa pakiachwa upenyo mdogo, makusudi. Mpita njia angedhani fundi alikosea kipimo. Kumbe pengo lile ndilo linaloinusuru njia jua linapowaka.

Ningeweza kuishia hapo na kumwambia kila mwajiriwa anayesoma: acha mwanya, usijaze kila saa. Ni ushauri mwema. Ila mimi sikuufuata, na sikuvunjika, nami sitaki kudanganya.

Reli za kisasa, kama za SGR iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, huchomelewa pamoja zikawa chuma kimoja kirefu. Mwanya hakuna, na mdundo hakuna. Je, jua limeacha kuwaka? Halijaacha. Chuma bado kinataka kutanuka, lakini kimezuiwa, na msukumo wote unabaki ndani yake. Kinachokizuia ni mataruma mazito ya zege, vibano vinavyoifunga reli kwenye mataruma hayo, na kokoto zilizoshindiliwa kila upande. Zikipungua kokoto siku ya jua kali, reli inaweza kujipinda kama nyoka. Chuma kisicho na nafasi hakijishikilii chenyewe, kimeshikwa.

Nikaanza kuyahesabu mataruma yangu. Mwenzangu kazini alinishikia zamu kila wiki ya mitihani. Mama alitoka kijijini akaja kulea mjukuu. Mke wangu aliisimamisha stashahada yake ya uhasibu ikiwa nusu, "kwa muda tu". Saa ambazo ratiba yangu haikuonyesha zilikotoka, zilitoka kwao. Tena kuna kitenzi tunachokipenda sana kuwasifia watu wa aina yangu: amejisomesha. Kiambishi kile kidogo, -ji-, kinadai kwamba mtenda na mtendewa ni mtu mmoja. Sarufi ni sahihi. Ushahidi wake ndio mdogo.

Upana wa SGR ni milimita 1,435, kipimo kilichoenea duniani kutokana na reli za George Stephenson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1781. Alifikisha miaka 18 hajui kusoma. Alikuwa akihudumia injini kwenye mgodi wa makaa ya mawe, na kwa mshahara huohuo akajilipia masomo ya usiku. Mwandishi Samuel Smiles alimfanya kielelezo cha mtu aliyejiinua kwa juhudi zake, na kwa juhudi hakukosea. Lakini mke wa Stephenson alipofariki mwaka 1806 na kumwachia mtoto mdogo, Robert, aliyekuja kumlea mtoto huyo ni Eleanor, dada yake Stephenson. Kipimo kimebaki kwa jina la kaka. Na fundi yeyote wa njia atakwambia kwamba reli mbili haziwezi kujitunzia upana wao; unatunzwa na mataruma yaliyolala chini yake.

Sisemi mtu asisome akiwa kazini. Nasema kwamba nafasi haitengenezwi kwa ratiba. Ama mtu huiacha wazi katika maisha yake mwenyewe, ama huichukua katika maisha ya mwingine. Kuichukua si dhambi, maana ndugu hupeana. Kosa ni kuichukua na kuiita juhudi yangu.

Siku nilipopata matokeo ya mwisho nilitamka mezani, kwa majivuno kidogo, kwamba sasa nimepata nafasi. Mke wangu akaweka chini upawa.

"Hongera, baba Neema. Na yangu iko wapi?"

Siku hizi Jumanne na Alhamisi napika mimi. Saa tatu usiku nakwenda kumpokea kituoni, na njiani ananifundisha alichosoma. Juzi walikuwa kwenye mizania. Kila mali unayoiandika upande mmoja, aliniambia, lazima upande wa pili uonyeshe ilikotoka.