Itengeneze Bahari Yako, Mpaka Chini Gizani

Mabonge ya bahari yaliyotengenezwa kwa epoksi yamejaa kwenye simu zetu, na mengi yanafanana: maji ya samawati, nyangumi mkubwa, mzamiaji mdogo anayeelea juu yake. Ni kazi za mafundi hodari. Ila wewe uliyekulia Tanga, Kilwa au Lamu una bahari unayoijua tangu utotoni, na hiyo ndiyo ninayokuomba uitengeneze.

Chukua ya Tanga. Mwaka 1938, huko Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London alikuta kwenye mavuno ya mvuvi samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka pamoja na dainosari. Samaki huyo, silikanti, yupo kwetu. Wavuvi wa Tanga wamemnasa kwenye majarife yao, na mwaka 2009 serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mzamiaji wa burudani huishia mita 40. Silikanti hujificha mapangoni chini zaidi ya hapo. Maana yake wengi wetu hatutamwona akiwa hai. Mikono yako inaweza kutuonyesha anapoishi.

Hapo utakutana na hesabu. Ukitaka mita 200 za bahari ziingie kwenye bonge la sentimita 20, kila sentimita inabeba mita 10, na ngalawa ya mita 6 inakuwa milimita 6 tu. Itaonekana kwa shida. Basi ikuze ngalawa, mkuze na samaki, wala usione haya, kwani hata wachora ramani hukuza alama za miji. Usichoruhusiwa kukidanganya ni mwanga. Maji humeza rangi nyekundu kwanza, ndani ya mita chache tu za juu. Chungwa na manjano hufuata. Bluu ndiyo inayofika mbali. Kwa hiyo tabaka la chini liwe bluu nzito inayokaribia weusi, la kati bluu tupu, la juu kijani changa kinachopitisha jua. Silikanti mpake bluu ya chuma yenye madoa meupe. Ukilipata hili, mtu atakayelishika bonge lako atahisi kina kabla hujamweleza neno.

Kazi yenyewe inadai subira, na subira unaweza kujifunza. Kalibu itengeneze kwa akriliki, ile ya mabango ya maduka, na uzibe kila kona kwa silikoni, maana epoksi hupenya hata kwenye ufa usioonekana. Pima sehemu mbili za epoksi, yaani resini na kigumishi, kama kopo linavyoagiza, iwe moja kwa moja au mbili kwa moja. Usiongeze kigumishi ukidhani kazi itakauka upesi; itabaki ikinata. Koroga taratibu dakika kadhaa, ukikwangua pembeni na chini ya kikombe. Rangi ni matone machache, tena zile za resini, kamwe si za maji.

Halafu mimina kidogo kidogo. Epoksi inapoganda hutoa joto, na ukimimina nene kuliko kopo linavyoruhusu itachemka, itapasuka na kugeuka manjano. Tabaka la kwanza likianza kushika huku bado linanata, weka la pili, yashikane. Likishakauka kabisa, lipige msasa kwanza. Joto la pwani huharakisha kuganda kwa epoksi, na unyevu wa masika huacha utando wa ukungu juu yake; chagua asubuhi kavu, andaa kila kitu kabla ya kuchanganya. Vaa glovu, fungua madirisha, na vaa barakoa unapopiga msasa. Resini mbichi ikigusa ngozi yako mara kwa mara inaweza kukuletea mzio usioisha, na fundi aliyepata mzio huo huiacha kazi hii.

Mwamba uchonge kwa udongo wa kufinyangia, uukaushe na kuupaka rangi. Matumbawe ya kweli yaache baharini, hata kile kipande kilichosukumwa ufukweni. Itakuwaje tuisifu bahari kwa kuibomoa?

Utapata viputo. Utapata ukungu. Viputo vipitishie joto jepesi kwa juu, kisha endelea na tabaka linalofuata, kwa sababu msasa laini unaoongezwa daraja kwa daraja, ukiwa na maji, hurudisha uangavu hata kwenye bonge lililoonekana limeharibika.

Anza dogo: sentimita 6 kwa 6, kimo 12. Hizo ni mililita 432, hata nusu lita haifiki. Ukimaliza, lipeleke shule ya msingi iliyo karibu na ufukwe wenu, uwaachie watoto walishike, walizungushe kwenye jua, na wamtafute silikanti pangoni kwake.