Kurahisisha Elimu na Kusema Kweli

Mtu mwenye elimu asemapo na asiyekuwa nayo hana budi kupunguza maneno. Walakini kila apunguzaye huacha kitu, na aachaye kitu huenda akawa jirani wa mwongo. Mpaka baina ya kurahisisha na kudanganya u wapi? Kwa sisi wa sarufi na ushairi swali hili laweza kuwa burudani ya alasiri. Kwa wanafunzi wa sayansi, ambao kesho watapelekwa Urambo, Kaliua au Sikonge kusema na watu juu ya maradhi, mbegu na maji, ni swali la uhai.

Njia ya kale ya misafara yaweza kutusaidia kulifikiri. Tabora ilikuwa njia panda: misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika pale, mmoja ukashika njia ya Ujiji, mwingine ukageukia kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi waliaga, wengine wakaajiriwa, na mizigo ikafunguliwa na kufungwa upya. Mpagazi mmoja alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Robota lililozidi kipimo hicho liligawanywa. Kugawanya mzigo hakukuwa kuiba, na hapana tajiri aliyelalamika kwa kuwa nguo zake zilibebwa na mabega mawili badala ya moja. Mwizi alikuwa yule aliyechomoa shuka katikati kisha akafunga kamba vizuri, robota likaonekana zima.

Sasa tutazame mfano wa nchi hiyohiyo. Katika misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania wamo mbung'o, ambao wengi huko huwaita ndorobo, na pamoja nao yumo mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, aletaye malale. Huishi katika miili ya wanyama wa porini na ng'ombe, na mtu hupatwa aumwapo na ndorobo aliyembeba. Aingiaye porini kwa siku nyingi, kama mrina asali, ndiye aliye karibu zaidi na hatari.

Neno malale limetokana na kulala. Aliyeliunda hakusema uongo, kwani mgonjwa huishia kusinzia mchana na kukesha usiku. Lakini hiyo ni hatua ya mwisho, mdudu akiisha kuingia katika ubongo. Malale ya upande wetu wa Afrika huanza kwa homa, kuumwa kichwa na viungo, pengine na kidonda pale alipouma ndorobo, na huweza kuua kwa miezi michache. Basi mrina asali arudiye kambini na homa hujipima kwa jina la ugonjwa: mimi silali ovyo, kwa hiyo hii ni malaria. Hununua dawa ya malaria na kungoja. Hapa neno moja, la kweli lakini pungufu, limefunga mlango ambao mgonjwa angepita akiwa bado na nguvu za kutembea mpaka hospitali. Hiyo ndiyo shuka iliyochomolewa katikati.

Wako wanazuoni wasemao kwamba watu wa kawaida wapewe amri, na sababu zibaki darasani. Waambiwe, 'Ukiumwa na ndorobo utapata malale,' na yatosha. Mimi sikubaliani nao, wala si kwa huruma tu. Ndorobo wanaobeba mdudu huyo ni wachache. Mtu aliyeumwa mara mia akabaki mzima atasadiki ngozi yake kabla ya kumsadiki daktari, na kwa haki, maana ngozi imemwambia kweli na amri imemtilia chumvi. Sentensi ndefu kidogo ingemfaa zaidi: 'Wengi hawana ugonjwa, wachache wanao, na huwezi kuwatambua kwa macho, kwa hiyo homa ikija baada ya kutoka porini, mwambie mganga wa zahanati kuwa ulikuwa porini.' Maneno haya hayahitaji shahada, na mtu ana nafasi ya kuuliza juu yake.

Ufupi wenyewe si adui. Kisiwani Unguja, kati ya 1994 na 1997, ndege ziliachia mbung'o madume zaidi ya milioni 8 waliofanywa wasizalishe, na mbung'o wakatoweka kisiwani. Angeweza mtu kutangaza kwamba ndege zinamwaga dawa ya kuua mbung'o. Ni maneno mafupi na ya uongo. Angeweza pia kusema kwamba jike la mbung'o aghalabu hupandwa mara moja maishani, na akipandwa na dume asiyezalisha hana watoto. Maneno hayo ni mafupi vilevile, na ni ya kweli.

Wanafunzi wetu hujifunza sayansi kwa Kiingereza tangu sekondari mpaka chuo kikuu. Kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia imekuwapo tangu 1990, na ni hazina. Lakini mwanafunzi akichomoa humo neno kimelea na kulitua mbele ya wazee wa Kaliua amebadilisha kamba tu. Uzito wa mzigo ni uleule. Ningemtaka kwanza akae na warina asali awasikilize, kwa sababu wao wanajua vichaka vyenye ndorobo, na wanajua kwamba nguo ya buluu au nyeusi huwavuta. Wataalamu nao hutengeneza mitego ya vitambaa vya rangi hizo. (Kaniki, nguo maarufu ya misafara ile, naona haikuwa rafiki wa mvaaji wake.)

Kwa hiyo katika mtihani wa somo hili nisingetoa alama kwa hotuba, hata iwe tamu namna gani. Mwanafunzi angeleta karatasi yenye maswali aliyoulizwa na watu, kila swali pamoja na jibu alilotoa, na yale yaliyomshinda yakiandikwa juu kabisa. Arudiye na karatasi tupu ningemrudisha Sikonge.