Bata Mdogo wa Bob Cratchit

Bata bukini ana mafuta mengi. Ukimwoka, unamtoboatoboa ngozi ili mafuta yachuruzike, unayakinga kwenye trei, na viazi vikiokwa humo vinaweza kumshinda bata mwenyewe kwa utamu. Lakini nyama yake ni haba kuliko umbo lake. Ndiyo maana Waingereza walimjaza vitunguu na majani ya seji, wakamsindikiza kwa mchuzi wa tofaa na viazi vya kuponda.

Katika A Christmas Carol, kitabu cha Charles Dickens cha mwaka 1843, familia ya karani Bob Cratchit hufanya vivyo hivyo. Bata wao anaokwa kwa mwoka mikate, kwani maskini wengi wa London hawakuwa na oveni nyumbani. Ni mdogo, ila wanamsifu mpaka kila mtu anashiba. Mwishoni bahili Scrooge anageuka moyo, anawapelekea bata mzinga mkubwa ajabu. Msomaji anafurahi. Nami nilifurahi, kisha nikajiuliza: yule bata mdogo ameenda wapi?

Swali si la jikoni. Anayetoa kikubwa anaiongeza sherehe ya mwenzake, au anaifuta? Enzi hizo wafanyakazi walikuwa na vyama vya bata: kila wiki mtu anaweka senti chache, Krismasi ikifika anachukua ndege wake. Aliyejinyima hivyo hakununua nyama tu. Alinunua haki ya kusema, "Karibuni, kuleni," mezani pake.

Ninalijua hilo kwa sababu mama yangu yumo kwenye kikoba. Desemba wanavunja sanduku, naye anapata mchele, mafuta, sukari na hela ya majogoo wawili. Mwaka huu posho yangu ya masomo inatosha kununua mbuzi. Mbuzi akiingia uani, nani atawatazama majogoo?

Rafiki yangu darasani ananipinga: heshima haishibishi. Ana hoja. Mtoto wa Cratchit ni mgonjwa, na sifa za bata mdogo hazimponyi. Anayelinda fahari ya maskini kwa kumnyima msaada amejilinda mwenyewe tu.

Hata hivyo, Scrooge alifanya mambo mawili zaidi. Bata mzinga alimtuma bila kujitaja. Kesho yake akampandishia Bob mshahara. Bata mzinga ni wa siku moja. Mshahara unamwezesha Bob kuchagua bata wake mwenyewe mwaka ujao. Hapo ndipo ninapouona mpaka: kuna msaada unaochukua nafasi ya mtu mezani, na kuna unaomwachia kiti chake.

Nilimpigia mama simu nikamuuliza nitume nini.

"Mwanangu, jogoo ninao," akasema. "Mdogo wako anadaiwa ada ya Januari. Wewe njoo ule."

Ada nimelipa. Lakini sitadanganya, mbuzi bado namfikiria.