Kidole cha Mama

Mwaka 2021 mama alipougua Korona nilinunua kile kipimo kidogo kinachobana kidole na kusoma oksijeni ya damu. Kikasoma 94. Nikaenda kulala.

Baadaye nilikutana na utafiti wa Michigan, uliotoka Desemba 2020. Kipimo kiliposoma 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 mara 11.7 katika kila 100 kwa wagonjwa weusi. Kwa weupe, 3.6. Mwanga wake hupita kwenye ngozi, na weusi wa ngozi huupotosha. Mwongozo wa Marekani wa 2013 ulitaka kijaribiwe kwa watu wasiopungua 10, wawili kati yao wakiwa weusi.

Husemwa kwamba majaribio marefu huwaua wanaosubiri. Kweli. Bila kipimo, usiku ule ningebaki kuitazama midomo ya mama. Lakini kuongeza watu weusi wanane kungekichelewesha siku ngapi? Hapo ndipo hoja ya haraka inaponishinda.

Mama alipona. Juzi jirani alikuja kukiazima, mwanawe anakohoa. Nilimpa. Nikamwambia akimwona anahema, asingoje namba.