Nikaha si dhamana ya deni

 

Ndugu Waislamu, sote tumehudhuria maziko. Maiti ikishaswaliwa, husimama ndugu wa marehemu akatangaza kuwa mwenye kumdai ajitokeze kwa familia. Hilo ni jema. Lakini matanga yakishaanuliwa, yapo yanayotendeka majumbani ambayo hayana asili katika dini wala katika sheria ya nchi. Wadai wa biashara ya marehemu wanamwendea mjane aliyekaa eda, wanamwekea karatasi mbele yake, na mashemeji nao wanamwambia auze dhahabu zake ili mumewe apumzike kaburini. Mama wa watu, kwa uchungu na hofu, anavua bangili.

Deni lile ni la nani? Ni la aliyelikopa. Qur'an katika Suratun-Najm, aya ya 38, imekataa nafsi moja kubebeshwa mzigo wa nafsi nyingine, na katika Suratun-Nisaa, aya ya 32, imempa mwanamume fungu la alichokichuma na mwanamke fungu la alichokichuma. Mahari ya mke, urithi aliopewa kwa baba yake, faida ya vitumbua anavyouza asubuhi, vyote hivyo havikuhamia mfukoni mwa mume siku ya kufunga ndoa.

Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (RA), alikuwa na mali yake ilhali mumewe hana kitu. Alimtuma Bilal (RA) amuulize Mtume (SAW) kama inafaa sadaka yake ampe mumewe na mayatima anaowalea. Jibu likaja kuwa inafaa, tena ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Sasa tafakari: kama mali ya mke ingekuwa ya mume, pangekuwa na sadaka gani hapo? Mke akilipa deni la mumewe amefanya ihsani kubwa. Asipolipa hajamdhulumu mtu.

Tena ipo hadithi mashuhuri katika Sahih Bukhari ya maiti aliyeletwa mbele ya Mtume (SAW) akiwa na deni la dinari tatu wala hakuacha kitu. Mtume (SAW) hakumswalia mpaka Abu Qatada (RA) alipojitolea kulibeba. Hapakuitwa mjane akaamrishwa kulipa. Deni lilihama kwa sababu mtu alilichukua kwa hiari na kwa ulimi wake mwenyewe.

Na hapa ndipo penye dhulma ambayo wengi hatuioni. Mume aliyekufa bila kumaliza mahari, basi mke naye ni mdai! Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Kariakoo ameacha mali ya shilingi milioni 20, watoto, na mke anayemdai mahari ya shilingi 1,200,000. Hakuacha wasia. Mazishi yametumia 400,000 na wadai wa dukani wanadai milioni 12. Inatolewa gharama ya mazishi, kisha madeni yote pamoja na ile mahari, zinabaki 6,400,000. Thumuni ya mke ni 800,000. Jumla anachukua milioni mbili, na dhahabu zake haziguswi kwa kuwa hazikuwa za marehemu hata siku moja. Ikiwa mali haitoshi, wadai hugawana kilichopo kwa uwiano wa madai yao, na mke yumo. Ni wangapi wamepata kumuona mjane akiandikwa kwenye daftari la wadai?

Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali, kufunga mkataba, kushitaki na kushitakiwa. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya yeyote kati yao. Kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe.

Lakini tahadhari, dada zangu. Ridhaa hiyo ndiyo inayotafutwa pale mume anapokuja mbio na fomu ya benki akisema, "Tia saini hapa, ni utaratibu tu." Si utaratibu tu. Ukiridhia rehani, nyumba inaweza kupigwa mnada. Ukisaini kama mdhamini, mdai anaweza kukuandama wewe kwa mali yako, na hapo usiseme hukukopa. Vivyo hivyo ukiwa mbia wake katika duka. (Mikopo mingi ya namna hii ina riba, na hilo lina makala yake.) Soma karatasi, au mpelekee mtu anayeijua akusomee, ndipo uamue.

Wanaume nasi tusijifiche. Wapo wanaoona madeni yanawaelemea wakaandikisha gari na kiwanja kwa jina la mke, kisha wakawaambia wadai kuwa hawana kitu. Huo ni wizi wa mali za watu, na mke anayejua akanyamaza ameshiriki. Kwa upande wa pili, mke aliyekopa kwenye kikoba au kwa wale wa "kausha damu" kwa ajili ya biashara yake, mumewe halazimiki kulipa ikiwa hakudhamini. Ila unga na mchele aliokopa dukani ili watoto wale kwa sababu baba hakuacha nafaka, hilo ni deni la baba, asitafute fat'wa ya kulikimbia.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, mume na mke wakae wataje: nani ananidai, namdai nani, na mahari imebaki kiasi gani. Waandike, washuhudie watu wawili, na karatasi ikae mahali ambapo wote wawili wanapajua.