Mkono Unapoachilia

Ndege ya mfano isiyo na injini hurushwa kwa mkono mmoja, na tendo lenyewe huisha kufumba na kufumbua. Ndani yake mna swali la karne nyingi: kitu kikishatoka mkononi, ni nini kinachokiendesha?

Aristotle alijibu kwamba ni hewa iliyosukumwa pamoja nacho. Ibn Sina (980–1037) alikataa: mrushaji hukipa kitu mwelekeo, nacho huendelea nao mpaka kizuiwe. Kwa jibu hili, mwendo wote wa ndege ni amana ya mkono ulioirusha.

Amana hiyo huandaliwa mapema. Ndege huegemezwa juu ya ncha za vidole viwili chini ya mabawa, karibu na robo au theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikiinamia mkiani, puani huongezwa uzito mpaka itulie. Kisha mrushaji huukabili upepo. Mahali nako huhesabiwa: mji wa Voi, katika nchi ya Wataita nchini Kenya, uko mita kama 600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya adhuhuri huko ni ya moto na nyepesi, hivyo ndege huhitaji kasi zaidi kidogo kuliko asubuhi. Husukumwa mbele kama mkuki, mabawa yakiwa sawa, pua ikielekea upeo wa macho au chini yake kidogo. Ikielekezwa mbinguni hupanda, huishiwa mwendo, kisha huanguka kwa pua. Ikirushwa kwa nguvu kupita kiasi, huishia vivyo hivyo.

Dini ya asili ya Wataita nayo ina tendo la kuachilia. Katika kutasa, ibada ambayo mwanaanthropolojia Grace Harris aliieleza katika kitabu chake cha 1978, mtu hupiga funda la pombe ya miwa au maji, akalipuliza kwa mnyunyizo huku akitamka maneno ya heri, ili hasira imtoke moyoni. Hasira iliyofichwa iliaminika kuleta maradhi na maafa. Lakini hapa pia maandalizi hutangulia: mdomo hauwezi kutoa kile ambacho moyo bado umekishikilia.

Waislamu nao hufundishwa kuachilia baada ya kujiandaa, kwa jina la kutawakali: ngamia hufungwa kwanza, ndipo mambo yakaachiwa Mungu. Kuachilia kwa haki huja baada ya maandalizi, na hakumwondolei mtu wajibu wake. Anayetaka kusahihisha ndege ikiwa angani amechelewa. Wakati wake ulikuwa pale ilipotulia juu ya vidole viwili.